USIPOPIMA UFA: HESABU YA UKUTA WA MGODI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, na kila mara tumefundishwa kwamba maana yake ni kurekebisha jambo dogo kabla halijawa kubwa. Leo nataka kuichukua methali hiyo jinsi ilivyo, ufa uwe ufa na ukuta uwe ukuta. Ukuta ninaousema si wa nyumba. Ni ukuta wa mwamba katika mgodi wa wazi, yaani shimo linalochimbwa kutoka juu, jua likiliona hadi chini. Huko ufa hauzibwi. Ukiuziba kwa udongo umeuficha tu. Ufa wa mgodi hupimwa, kisha ukapigiwa hesabu.

Sikuanza kupenda jambo hili kwa sababu ya kitabu. Mjomba wangu hukata mawe ya kujengea katika timbo moja, na siku za Jumamosi mimi humpelekea chakula. Mwaka jana niliona ufa juu ya ukuta anaofanyia kazi, kama hatua sita hivi kutoka ukingo wa shimo. Nilipomwuliza, alicheka akasema, "Huo ni wa zamani, mpwa wangu. Ukuta huu utatuzika sisi sote." Alimaanisha kwamba utadumu kuliko sisi, lakini neno lile halikunitoka masikioni. Jumatatu nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia. Aliniazima kitabu, akaniambia nisirudi kwake mpaka niweze kumweleza kwa Kiswahili nilichosoma. Makala haya ndiyo maelezo yenyewe.

Kwa nini ukuta uinamishwe?

Mgodi wa wazi huchimbwa kwa ngazi. Ukitazama picha yake utadhani ni uwanja mkubwa wa michezo wenye viti vya mawe. Kila ngazi ina uso wake ulioinama na sakafu ya kuzuilia mawe yanayodondoka. Ngazi zote zikihesabiwa pamoja ndizo ukuta mzima.

Sasa utaniuliza, mbona wasiuinamishe sana ukuta, ulale kama kilima cha kupanda na baiskeli, hatari iishe? Jibu ni pesa. Chukua shimo lenye kina cha mita 300. Ukuta ukiwa na mwinamo wa digrii 50, ukingo wake wa juu uko mita 252 nyuma ya mguu wa ukuta. Ukiwa na digrii 45, ukingo unarudi nyuma hadi mita 300. Tofauti ni mita 48 peke yake. Lakini hebu zidisha: nusu ya 300 mara 48 ni mita mraba 7,200. Kwa hivyo, kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta, utachimba mita za ujazo 7,200 zaidi za mwamba usio na madini. Mita moja ya ujazo ya mwamba ina uzito wa tani mbili na nusu hivi. Hizo ni tani 18,000, au safari 1,800 za lori la tani kumi, kwa mita moja tu ya ukuta! Na ukuta wa mgodi mkubwa una urefu wa kilomita kadhaa.

Ndiyo maana mwenye mgodi hutaka ukuta usimame wima, na mwenye kufanya kazi chini yake hutaka ulale. Hesabu ninayoieleza hapa inakaa katikati yao kama mwamuzi wa mpira.

Ukuta husimama kwa nini?

Chukua ubao, uweke jiwe juu yake, kisha uinue upande mmoja polepole. Mwanzoni jiwe linatulia. Ukifika digrii 30 hivi, linateleza. Kani mbili zinashindana hapo. Ya kwanza ni sehemu ya uzito wa jiwe inayolivuta kuteremka. Ya pili ni msuguano kati ya jiwe na ubao, unaolizuia. Ubao unapoinuka, ya kwanza inakua na ya pili inapungua.

Mwamba nao una kani ya tatu. Vipande vyake vimeshikana, kama vile jiwe lingepakwa gundi kidogo kabla ya kuwekwa ubaoni. Tuiite kani hiyo mshikamano. Mfaransa Charles Coulomb aliyaunganisha mambo haya mawili, mshikamano na msuguano, mwaka 1773, na mpaka leo wahandisi hutumia kanuni yake.

Kumbuka pia kwamba mwamba mara nyingi hauvunjiki penye ugumu. Unaachana penye udhaifu wa siku nyingi: nyufa za asili, matabaka laini, mahali palipowahi kuteleza zamani. Mahali hapo palipo kama meza iliyoinama ndani ya mwamba nitapaita bapa. Bapa likiinamia upande wa shimo, hapo ndipo kuna kazi.

Wahandisi huchukua jumla ya kani zinazozuia, wakaigawanya kwa jumla ya kani zinazovuta. Jibu lake ni uwiano wa usalama. Ukiwa 1 kamili, ukuta uko kama mtu aliyesimama kwa kidole kimoja. Ukiwa chini ya 1, ukuta unaanguka. Katika migodi ya wazi, mara nyingi hutakiwa ufike 1.2 au 1.3, na mahali penye jambo kubwa, kama barabara ya pekee ya kuingilia shimoni, hutakiwa zaidi.

Mmoja wa walioikuza elimu hii ni Evert Hoek, ambaye alizaliwa mwaka 1933 katika nchi tunayoiita leo Zimbabwe. Mwaka 1974 yeye na John Bray walitoa kitabu kuhusu miteremko ya miamba ambacho wahandisi wengi wa migodi wamekisomea. Nilifurahi kujua kwamba katika jambo hili Afrika haikukaa pembeni.

Hebu tupige hesabu

Chukua kalamu na jedwali lako la hisabati, tufanye pamoja. Ngazi yetu ina kimo cha mita 11.5. Uso wake umeinama digrii 70. Ndani yake kuna bapa lililoanzia mguuni pa ukuta na kupanda hadi juu, likiwa na mwinamo wa digrii 35 kuelekea shimoni. Urefu wa bapa ni mita 20. Tunatazama kipande chenye upana wa mita moja tu, kama mtu aliyekata kipande kimoja cha keki.

Mwamba ulio juu ya bapa una umbo la pembetatu. Ukichora utapata kitako cha mita 12.2 na kimo cha mita 11.5, yaani eneo la mita mraba 70. Zidisha kwa tani 2.5, upate tani 175, ambazo ni kilonyutoni 1,750.

Kani inayovuta: 1,750 mara sini ya digrii 35, ambayo ni 0.5736. Jibu ni 1,004.

Kani inayokandamiza bapa: 1,750 mara kosini ya digrii 35, ambayo ni 0.8192. Jibu ni 1,434.

Msuguano: tuseme pembe ya msuguano ya bapa ni digrii 30. Tanjenti yake ni 0.5774. Zidisha kwa 1,434, upate 828.

Mshikamano: tuseme ni kilonyutoni 25 kwa kila mita mraba. Bapa lina mita mraba 20, kwa hivyo ni 500.

Kani zinazozuia ni 828 na 500, jumla 1,328. Gawanya kwa 1,004. Uwiano wa usalama ni 1.32.

Umefaulu mtihani! Mhandisi anapiga muhuri na watu wanaingia kazini. Mimi pia nilipofika hapa mara ya kwanza nilifunga daftari nikaenda kuchota maji. Kumbe maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa yamesahauliwa.

Mgeni anayeitwa maji

Wengi wetu tunadhani mvua huangusha kuta kwa sababu maji hulainisha mwamba kama sabuni. Jambo hilo lipo, hasa kwa udongo wa mfinyanzi, lakini si kubwa kuliko yote. Kubwa ni hili: maji yakijaa ndani ya ufa yanasukuma. Yanaliinua jiwe kidogo kutoka kwenye bapa, kama yanavyoinua mtumbwi. Jiwe halijapungua uzito, ila limepunguza kulikandamiza bapa, na msuguano hutegemea kukandamiza.

Unaweza kujaribu nyumbani. Tafuta mikebe miwili inayolingana, yenye ukingo mdogo kwenye kitako. Mmoja uutoboe kitundu kitakoni. Ijaze yote maji, uisimamishe juu ya ubao uliolowa, kisha uinue ubao. Nilipojaribu, mkebe mzima ulivumilia mpaka karibu digrii 30. Ule wenye kitundu uliteleza kabla hata sijafika digrii 20. Mikebe ni ile ile na ubao ni ule ule. Tofauti ni kwamba maji yalipenya chini ya mmoja yakauinua.

Turudi kwenye ngazi yetu. Mvua imenyesha, na maji katika bapa yanasukuma kwa wastani wa kilonyutoni 30 kwa kila mita mraba. Hilo ni kanieneo la maji yenye kina cha mita tatu tu, si bahari. Mara 20 ni 600. Ondoa 600 kutoka 1,434, inabaki 834. Mara 0.5774, msuguano ni 482. Ongeza mshikamano 500, jumla ni 982. Gawanya kwa 1,004.

Uwiano wa usalama ni 0.98. Ukuta umeanguka.

Tazama vizuri. Mwamba haukubadilika, pembe haikubadilika, hakuna aliyelipua baruti. Ni mvua tu. Ndiyo maana katika migodi mikubwa hutobolewa mashimo marefu ndani ya ukuta ili maji yatoke. Na ndiyo maana ukuta uliovumilia kiangazi chote hauna cheti cha kuvumilia masika.

Kompyuta inafanya nini basi?

Hesabu yetu ilikuwa rahisi kwa sababu nilikupa bapa moja lililonyooka. Mwamba wa kweli una nyufa maelfu zilizoelekea huku na huku. Hapo ndipo kompyuta huingia, na njia zake kubwa ni tatu.

Njia ya kwanza ni ya vipande. Ukuta hukatwa kwa mawazo kama mkate, vipande vyembamba vilivyosimama. Kila kipande kinahesabiwa kama tulivyofanya, kisha vyote vinajumlishwa. Mwingereza Alan Bishop alitoa njia yake maarufu ya kuhesabu hivyo mwaka 1955. Taabu ni kwamba hujui ukuta utateleza kwa kufuata mkunjo upi. Kompyuta hujaribu mikunjo mamia kwa mamia na kukuonyesha ule wenye uwiano mdogo kuliko yote.

Njia ya pili ni ya wavu. Ukuta wote hugawanywa kuwa vipembetatu vidogo vilivyoshikana kama macho ya wavu wa kuvulia. Kila kimoja huambiwa uzito wake, ugumu wake na nguvu yake, na kila kimoja kinamsukuma jirani yake. Sisi darasani tunatatua milinganyo miwili ya x na y na tunatoka jasho. Hapa kompyuta hutatua makumi ya maelfu kwa pamoja. Kisha hufanya jambo lililonipendeza sana: inaudhoofisha mwamba makusudi. Inagawanya nguvu yake kwa 1.1, inatazama kama ukuta umesimama. Inagawanya kwa 1.2, inatazama tena. Inaendelea hivyo mpaka ukuta wa ndani ya kompyuta uporomoke. Ukiporomoka kwenye 1.32, basi huo ndio uwiano wa usalama. Yaani wanauangusha ukuta wa bandia mara nyingi ili ule wa kweli usimwangukie mtu.

Njia ya tatu ni ya vitalu, na mwanzilishi wake ni Peter Cundall, mwaka 1971. Hapa mwamba huhesabiwa kuwa rundo la vitalu vilivyotenganishwa na nyufa. Kila kitalu hufuata kanuni ya pili ya Newton, ile ile ya darasani kwetu: kani ni masi mara mchapuko. Kompyuta huuliza kila kitalu, "Sasa hivi unasukumwa na nani, na kwa kani gani?" Halafu inakisogeza kidogo kabisa na kuuliza tena, mara maelfu, kwa vipindi vifupi sana vya wakati. Mwishowe unaona mahali jiwe la kwanza litachomoka na lipi litalifuata.

Dadu inayosema kweli

Hata hivyo kompyuta haijawahi kuugusa mwamba. Inajua yale tu iliyoambiwa. Ni nani aliyesema kwamba pembe ya msuguano ni digrii 30? Alichukua sampuli chache kwa mashine ya kutoboa akazipima maabara. Ukuta una mamilioni ya tani, naye amepima mawe yanayoweza kujaa kikapuni. Kwa hivyo namba yetu 30 ni wastani tu, na mahali pengine mwamba una 25 na kwingine 35.

Wahandisi hawakulificha jambo hili. Huiambia kompyuta ichague namba kwa bahati, ipige hesabu, ichague tena, maelfu ya mara, kisha wanahesabu ni mara ngapi ukuta ulianguka. Mimi nilifanya hivyo kwa dadu za ludo za dada yangu. Dadu ya kwanza ilikuwa msuguano, na nyuso zake sita nilizipa digrii 25, 27, 29, 31, 33 na 35. Dadu ya pili ilikuwa mshikamano: 5, 13, 21, 29, 37 na 45. Ukitafuta wastani utapata zile zile 30 na 25 za hesabu yetu. Dadu mbili zinaweza kukutana kwa njia 36, basi nikazipiga zote 36, ukuta ukiwa mkavu.

Katika njia 36, ukuta ulianguka mara 6.

Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea. Sikukosea. Ukuta ule ule wenye uwiano wa 1.32, ule uliopigiwa muhuri, una nafasi moja kati ya sita ya kuanguka bila hata tone la mvua, ikiwa hatuujui mwamba wetu vizuri zaidi ya dadu zile. Nikaongeza maji kidogo, wastani wa kilonyutoni 10 kwa mita mraba. Uwiano wa wastani ulishuka hadi 1.21, nambari ambayo bado inaonekana nzuri. Lakini ulianguka mara 11 kati ya 36.

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba namba moja haitoshi. Anayekuambia "uwiano ni 1.3" hajakuambia lolote mpaka akuambie pia ana uhakika kiasi gani.

Ufa unaposema

Ikiwa hesabu haina uhakika, tufanyeje? Tuuulize ukuta wenyewe. Mwamba mkubwa mara nyingi hauanguki ghafla. Huanza kwa kusogea, milimita kwa milimita, na mwendo huo huongezeka.

Kuna ujanja mzuri hapa. Tuseme ufa unapanuka hivi kwa siku: milimita 1, kesho yake 1.25, kisha 1.67, kisha 2.5, kisha 5. Ukitazama namba hizo huoni mwisho wake. Sasa gawanya 1 kwa kila moja. Utapata 1, 0.8, 0.6, 0.4, 0.2. Chora grafu, na mstari unateremka umenyooka moja kwa moja. Siku ya sita utagusa sifuri. Siku hiyo usiwe chini ya ukuta.

Mambo haya si ya karatasini tu. Katika mgodi wa shaba wa Chuquicamata, nchini Chile, wahandisi waliuchorea grafu ukuta uliokuwa ukisogea, wakatabiri wiki kadhaa mapema kwamba ungeanguka tarehe 18 Februari 1969. Ulianguka siku hiyo hiyo.

Mfano mwingine ni mgodi wa shaba wa Bingham Canyon, katika jimbo la Utah, Marekani, shimo lenye kina cha karibu kilomita moja. Mapema mwaka 2013 vyombo vya kupimia vilionyesha upande mmoja wa ukuta ukisogea juu ya tabaka dhaifu. Walikuwa na rada zinazoweza kuona mwendo usiofika hata milimita moja. Mwendo ulipozidi, watu wote waliondolewa. Usiku wa tarehe 10 Aprili 2013, saa tatu na nusu, ukuta ukaporomoka. Saa tano na dakika tano ukaporomoka tena. Jumla ilikuwa karibu tani milioni 145, nayo ardhi ilitikisika hata vyombo vya kupimia mitetemeko vikaandika. Mawe yalifika mbali kuliko ilivyotarajiwa, na magari na mitambo iliyokuwa shimoni ikafunikwa. Lakini hakuna mtu hata mmoja aliyeumia. Umbali walikosea, siku ya kuondoka hawakukosea, na kosa la umbali lilikula vyuma badala ya watu.

Sasa weka kando ya huo mfano mwingine. Tarehe 22 Februari 2023, huko Alxa katika Inner Mongolia, China, ukuta wa mgodi wa wazi wa makaa ya mawe uliporomoka watu wakiwa kazini. Walikufa 53. Ukuta wa Bingham Canyon ulikuwa mkubwa mno, lakini ulianguka penye shimo tupu.

Timboni kwetu

Mashimo ya kwetu, yanapotoka mawe ya kujengea nyumba zetu, hayana rada wala kompyuta. Yana nyundo, patasi na watu. Lakini ufa ni ule ule na kanuni ni ile ile.

Nilimwomba mjomba tupime. Alikubali, nadhani ili ninyamaze. Kabla ya mvua, yeye mwenyewe alipiga nondo mbili fupi, moja kila upande wa ufa, na kila Jumamosi tulipima nafasi kati yake kwa rula. Wiki ya kwanza ya mvua iliongezeka milimita 1. Ya pili, 2. Ya tatu, 4. Siku hiyo sikusema neno. Nilimwonyesha tu daftari, naye ndiye aliyepigia mstari ile 4 kwa kidole chake chenye vumbi. Jumatatu alihamia upande wa pili wa timbo pamoja na wenzake wawili. Upande huo mawe ni magumu zaidi na pesa ni kidogo zaidi, kwa sababu kwa siku mtu hukata machache.

Wiki ya nne iliongezeka 2, ya tano 1. Mvua ikaisha. Ukuta haukuanguka, na hadi ninapoandika makala haya bado umesimama. Kuna wanaomcheka mjomba, ati alitishwa na mtoto wa shule. Wengine wamerudi chini ya ukuta ule. Yeye hajarudi. Husema, "Mvua haijahama nchi." Nami nikikumbuka dadu zile, namwona ndiye mwenye hesabu sahihi. Ukuta kutoanguka mara moja hakumaanishi kwamba hesabu ilikuwa ya uongo. Ni kama kurusha dadu mara moja usipate moja, ukadhani dadu haina uso wa moja.

Hitimisho

Wenzangu, nimejifunza mambo matatu. Kwanza, ukuta wa mwamba ni ushindani wa kani, na ukijua sini na kosini unaweza kuufuata. Pili, maji ni mgeni wa kuogopwa hata mwamba ukiwa mgumu kama chuma. Tatu, hesabu haiushiki ukuta usianguke. Kazi yake ni kutuambia lini tuondoke, na baada ya hapo miguu ni yetu. Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walisema.

Kwa wale wenye jamaa wanaofanya kazi katika matimbo: ukiona ufa mpya juu ya ukuta, usiuzibe na usiukaribie ukingo peke yako. Mwite mtu mzima, wekeni alama, mpime kila wiki, na mvua ikianza mpime kila siku. Ukiona namba zinaongezeka, usingoje grafu ikamilike.

Msamiati

Timbo: mahali panapochimbwa mawe ya kujengea.
Bapa: sehemu dhaifu iliyo kama meza ndani ya mwamba, ambapo mwamba huweza kuteleza.
Mshikamano: kani inayovigandamanisha vipande vya mwamba.
Msuguano: kani inayozuia vitu viwili vilivyogusana visitelezeane.
Uwiano wa usalama: kani zinazozuia zikigawanywa kwa kani zinazovuta.

Maswali ya mazoezi

1. Katika ngazi yetu kavu, mshikamano umepungua kwa nusu kwa sababu ya kulipua baruti karibu mno. Uwiano wa usalama sasa ni ngapi?

2. Ufa unapanuka kwa siku milimita 2, 2.5, 3.33, 5, kisha 10. Ni siku ya ngapi watu wasionekane shimoni?

3. Andika insha ya kurasa mbili ukianza kwa maneno haya: "Usipoziba ufa..."

Majibu: (1) 1.07. (2) Siku ya sita, ila mwenye busara atakuwa ameondoka siku ya tatu. (3) Mpe mwalimu wako wa Kiswahili asahihishe.